Mama Vipimo na Sentimita Moja ya Maji

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwanamke mmoja anavua kandambili zake, anazipanga juu ya jiwe, kisha anaanza kushuka ngazi kumi na tisa za udongo kuelekea mtoni. Mkono mmoja umeshika daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwingine umeshika kamba iliyofungwa kwenye vigingi, kwa sababu magoti yake, anasema mwenyewe, "siku hizi yana maoni yao."

Mwisho wa ngazi kuna ubao wa chuma uliosimikwa majini. Una mistari na namba kama rula ya mwanafunzi, ila huu ni mrefu kuliko mtu. Mwanamke anachuchumaa. Haandiki mara moja. Anasubiri mawimbi madogo yatulie, anatazama pale maji yanapogusa chuma, midomo inacheza bila sauti, kisha anatazama tena.

"Sitini na tatu," anasema.

Anaandika namba hiyo, anaandika saa, anainua uso juu na kuongeza neno moja pembeni: mawingu. Kisha anafunga daftari na kulirudisha kwenye mfuko wake.

Kazi imechukua dakika nne. Saa kumi na mbili jioni atashuka tena kuifanya upya, na kesho hivyo hivyo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Amekuwa akifanya hivi kwa miaka thelathini na moja. Kwa hesabu ya haraka, ameshuka ngazi hizi zaidi ya mara elfu ishirini na mbili.

Watu wa hapa wanamwita Mama Vipimo. Ana umri wa miaka hamsini na minane, watoto watatu wakubwa wanaoishi mbali, nyumba ya vyumba viwili, na kazi ambayo majirani wengi hawakuielewa mpaka siku ilipowagusa mifukoni.

"Walikuwa wananiuliza, kwani huo mto utakimbia? Unaulinda wa nini?" anasema na kucheka. "Nikawa nawaambia, naam, unakimbia. Tena kila siku. Mimi naandika tu umekimbia na kiasi gani."

Kazi hii haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe. Idara ya maji ilipoweka ubao ule, ilitafuta mtu anayekaa karibu, anayejua kusoma na asiyependa pombe. Mumewe alikidhi sifa zote tatu. Lakini baada ya miaka michache kifua kikaanza kumsumbua, na kile kilima cha kurudi kutoka mtoni kikawa kinamwacha ameketi chini, anatafuta pumzi.

Mke akachukua daftari. Alisoma ubao, akarudi nyumbani, akamsomea mumewe namba, naye akatia saini akiwa kitandani. Walifanya hivyo kwa karibu miaka miwili, hadi mume alipofariki.

Aliendelea. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyemwambia aendelee. Ofisini jina lililoandikwa lilibaki la marehemu kwa miaka mitatu zaidi, hadi fundi mmoja wa idara alipokuja kukagua ubao na kuomba kumsalimu msomaji.

"Nikamwambia, msomaji yuko kule nyuma ya nyumba, chini ya mawe yale. Yule kijana alipigwa na butwaa. Akasema, lakini mama, mwezi uliopita ametia saini! Nikamwambia, mwanangu, mwezi uliopita nimetia mimi."

Ndipo jina lake likaingia kwenye karatasi. Posho ilibaki ile ile. Leo posho yake ya mwezi mzima inanunua gunia moja la mahindi na sabuni za mche, basi. Kinachomlisha ni shamba lake dogo la maharage na kuku anaowauza mnadani.

Kuna wakati hata hiyo posho haikuwepo. Serikali ilipounganisha idara kadhaa kuwa moja kwa nia ya kupunguza gharama, wasomaji wa mito hawakuonekana kwenye muundo mpya. Hawakufukuzwa. Walisahauliwa tu. Gari la ofisi lililokuwa likija kunakili madaftari kila baada ya miezi sita halikuja tena.

Ilikuwa hivyo kwa miaka mitano.

Wenzake wa mito mingine, anavyosikia, waliacha. Yeye alinunua madaftari ya shule, akachora mistari kwa mkono, na kuendelea. Yalipojaa aliyaweka pamoja na ya zamani kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na majani makavu ya mwarobaini kati ya daftari na daftari ili wadudu wasiyaguse.

Kwa nini? Anashika tama kidogo kabla ya kujibu.

"Niseme ukweli? Mwanzoni nilidhani wiki ijayo watakuja. Wiki ikawa mwezi. Halafu ukishafika mwaka, huwezi tena kuacha. Unajiambia, nikiacha leo, na wakija kesho? Nitawaonyesha nini?"

Walikuja. Miaka mitatu iliyopita, gari moja jeupe liliteremka kwenye njia ya mbuzi na kukwama kwenye tope. Aliyeshuka alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na tarakilishi mgongoni, mtaalamu wa maji kutoka ofisi ya mkoa.

Wakati huo sera mpya ya maji ilikuwa imepitishwa. Kwa mara ya kwanza, kila anayevuta maji mtoni kwa pampu, awe mwenye ekari elfu au mwenye robo ekari, alitakiwa kuwa na kibali. Na vibali vilitakiwa kugawiwa kulingana na maji yaliyopo kweli, sio maji yanayodhaniwa.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua yaliyopo. Kumbukumbu za zamani zilikuwa zimehifadhiwa kwenye ghala ambalo paa lake lilivuja misimu miwili ya mvua. Zilikuwa zimegeuka uji wa karatasi.

"Nilitumwa kuangalia kama ubao bado umesimama. Hilo tu," anakumbuka mtaalamu huyo. "Nilimkuta mama anapepeta maharage. Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuandika vipimo. Akaniambia, subiri ninawe mikono."

Sanduku lilipofunguliwa kulikuwa na madaftari hamsini na sita. Mtaalamu anasema alikaa chini sakafuni, akafungua moja, la pili, la kumi, kisha akaanza kulia. Mama Vipimo alidhani amekosea kitu.

"Nikamwambia, mwanangu, kama mwandiko ni mbaya, niwie radhi. Taa yangu ni ya mafuta."

Madaftari hayo yalisema jambo ambalo watu walikuwa wakilihisi bila kuweza kulithibitisha. Miaka thelathini iliyopita, mwishoni mwa kiangazi, ubao ulisoma wastani wa sentimita tisini. Miaka ya karibuni ulikuwa unashuka hadi arobaini, na mara mbili hadi ishirini na tisa. Mvua haikupungua kiasi hicho. Kilichoongezeka ni pampu. Mama Vipimo alikuwa ameziandika pia, kwenye safu ya pembeni: "leo nimesikia mpya ng'ambo," "mashine tatu zinanguruma," "mashine saba."

Nyingi zilikuwa za shamba kubwa la mboga za kuuza nje, lililokuwa limeomba kibali cha kuongeza mabomba. Ofisi ya maji ikaita kikao cha hadhara kwenye ukumbi wa shule. Shamba lilileta wakili.

Watu waliokuwepo bado wanakisimulia kikao hicho. Wakili alikuwa mtu wa adabu, hakupiga kelele. Aliuliza tu maswali. Elimu ya mama ni darasa la ngapi? La saba. Je, kuna aliyemsimamia? Hapana. Kwa miaka mitano alifanya kazi hii bila malipo, kweli? Kweli.

"Basi mtuambie," wakili akawageukia watu, "mtu asiyelipwa wala kusimamiwa, nani anajua alikuwa anashuka mtoni au alikuwa anajaza namba akiwa jikoni kwake?"

Akafungua daftari moja. Akasema humo kuna nafasi tupu. Katika madaftari yote, wasaidizi wake walikuwa wamehesabu nafasi tupu kumi na moja. Akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine na kumtaka mama aeleze.

Ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa mafuriko. "Maji yalifunika ubao wote," akajibu. Ya pili, alikuwa amelazwa kwa homa. Ya tatu ilikuwa jioni moja ya miaka kadhaa nyuma, hali ya hewa ikiwa nzuri.

Mama Vipimo akauinamia ukurasa. "Siku hiyo nilinuna," akasema.

"Unasema?"

"Nilinuna. Ndiyo siku niliyosikia posho imefutwa. Nikasema leo siendi, mto ujisome wenyewe. Asubuhi hasira zikaisha, nikaenda."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wakili alitabasamu. Akapindua kurasa, akataja tarehe nyingine, za mbali zaidi, karibu na mwanzo kabisa: jioni moja na asubuhi iliyofuata.

"Tulikuwa tunamzika mume wangu," akasema Mama Vipimo.

Kicheko kikakatika. Wakili akalifunga daftari taratibu. Alipotaka kuendelea, mtaalamu wa maji alisimama na kuomba kusema neno moja tu. Alisema mtu anayebuni namba jikoni haachi nafasi tupu. Nafasi kumi na moja katika miaka yote hiyo ndizo zinazomfanya ayaamini madaftari haya kuliko mashine.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Shamba kubwa lilinyimwa mabomba mapya na kutakiwa kuchimba bwawa la kuvuna maji ya mvua. Na ikawekwa kanuni moja kwa mto mzima: siku ubao utakaposoma chini ya sentimita arobaini na tano, pampu zote zizimwe hadi maji yapande. Pampu zote, bila kubagua.

Posho ikarudishwa. Mama Vipimo alipewa simu ndogo ya kupigia ofisini kila asubuhi. Watu walimpongeza sokoni. Mmoja wa waliompongeza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mdogo wake.

Huyu ni mdogo wake wa mwisho, waliochangia tumbo moja. Mama yao alipofariki, Mama Vipimo alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na mtoto alikuwa na minne. Ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye kuteka maji, ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, ndiye aliyesimama upande wa mama siku anaoa. Nyumba zao zimetenganishwa na shamba moja tu la mihogo.

Mdogo wake analima vitunguu kwenye robo tatu ya ekari kando ya mto, kwa pampu moja ya kuazima mafuta leo na kulipa kesho. Mwaka jana alikuwa amepanda vyote alivyokuwa navyo. Binti yake mkubwa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na vitunguu vile ndivyo vilivyokuwa ada.

Mwezi wa tisa maji yakaanza kushuka. Hamsini na mbili. Arobaini na tisa. Arobaini na saba. Kila asubuhi, Mama Vipimo alipopanda kutoka mtoni, alimkuta mdogo wake amesimama kando ya njia, mikono mfukoni, anajifanya anapita.

"Ngapi, Dada?"

"Arobaini na sita."

"Ahaa. Haya."

Vitunguu vilihitaji wiki tatu tu.

Asubuhi iliyofuata alimkuta chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho, miguu yake ikiwa majini. Hakuwa amelala, ilionekana machoni. Mama Vipimo akachuchumaa kama siku zote. Akasubiri maji yatulie. Akatazama, akatazama tena, kisha akatoa kitambaa na kufuta ukoga uliokuwa umejishika kwenye chuma, kwa kutumaini kwamba ndio unaomdanganya.

Arobaini na nne.

Anasimulia yaliyofuata kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mikono yake.

"Akaniambia, Dada, andika arobaini na tano. Akasema, ni sentimita moja. Hata kucha yangu ni ndefu kuliko hiyo. Nani atajua? Nikamwambia, mimi nitajua. Akasema, wewe ndiye uliyenilea. Ulinilea ili uje uninyime maji?"

Anafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile.

"Nikaandika arobaini na nne."

Alipiga simu ofisini akiwa pale pale, mdogo wake akisikia. Saa tatu asubuhi pampu zikanyamaza, moja baada ya nyingine, hadi mto mzima ukawa kimya kiasi cha kusikia vyura. Zilikaa kimya kwa siku kumi na tisa.

Vitunguu havikusubiri. Majani yakawa njano, kisha yakalala. Alichovuna mdogo wake kilikuwa na ukubwa wa gololi, na hakuna mnunuzi aliyesimamisha gari. Binti akakosa muhula wa kwanza.

Kilichomkata maini Mama Vipimo kilikuwa ng'ambo ya mto. Shamba kubwa nalo lilizima pampu zake siku ile ile, saa ile ile, bila ubishi. Lakini lilikuwa na bwawa. Kwa siku zote kumi na tisa mboga zao ziliendelea kumwagiliwa, kijani kibichi, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakitazama vyao vikifa.

"Kanuni ilikuwa moja kwetu sote," anasema. "Ila wao walikuwa na pa kuegemea. Sisi hatukuwa na kitu. Mimi nilikuwa naangalia namba tu, ndugu mwandishi. Sikuangalia nani ana bwawa na nani hana. Hilo ndilo linaloniuma."

Alimpelekea mdogo wake gunia la mahindi. Likarudishwa siku hiyo hiyo, limefungwa kwa fundo lile lile alilolifunga Mama Vipimo mwenyewe. Akaenda kubisha hodi. Mlango ulifunguliwa na wifi yake, akakaribishwa, akapewa chai, lakini mwenye nyumba alitokea mlango wa nyuma akaenda zake shambani, ambako hakukuwa na kitu cha kulima.

Tangu hapo, mazungumzo yote kati ya nyumba mbili yalipita kwa wifi.

"Nilikuwa kama posta," anasema wifi huyo, mwanamke mcheshi asiyeficha neno. "Wifi ananiuliza, mumeo anasemaje? Namwambia, anasema hajasema kitu. Narudi nyumbani, huyu naye anajifanya anatengeneza pampu, ananiuliza, wifi yako anakohoa bado? Namwambia, nenda kamsikilize mwenyewe. Ananuna. Ukoo mzima wananuna!"

Kisha uso wake unabadilika. "Lakini nilimwelewa mume wangu. Na nilimwelewa wifi. Ndiyo shida yenyewe. Ingekuwa mmoja wao ni mbaya, ningejua nimkasirikie nani."

Mdogo wake, alipofuatwa na gazeti hili mwezi uliopita, alikuwa mpole lakini wa mkato. "Niulizeni habari za vitunguu, nitawaeleza mpaka jioni," alisema. "Habari za dada yangu mwulizeni dada yangu."

Kuna upande mwingine wa siku zile kumi na tisa, na Mama Vipimo aliujua kwa kuchelewa.

Umbali wa saa tano kwa miguu, pale mto unapoingia tambarare, kuna zahanati ndogo yenye vitanda sita. Kwa miaka minane mfululizo, mwezi wa tisa na wa kumi, mto ulikuwa haufiki huko. Ulibaki mchanga. Mkunga wa zahanati hiyo anasema walikuwa wamezoea kuwaambia wajawazito waje na maji yao.

"Mama ana uchungu, na kichwani ana ndoo," anasema mkunga. "Wengine wanafika na nusu ndoo, kwa sababu imemwagika njiani walipokuwa wanajikunja kwa maumivu. Ukimaliza kumzalisha huna hata ya kunawa mikono. Nimepoteza akina mama wawili kwa uambukizo ambao ndoo mbili za maji zingeuzuia."

Mwaka jana mto ulifika. Ulikuwa mwembamba, anasema, lakini ulifika, na ulipita mwezi mzima wa tisa na wa kumi. Katika miezi hiyo walizaliwa watoto ishirini na watatu, na hakuna mama aliyekuja na ndoo.

Mkunga hakujua sababu. Aliuliza huku na huko hadi akaambiwa kuna mwanamke kule juu anayesoma ubao. Akapanda lori la mchanga kwenda kumwona. Walikaa barazani kwa Mama Vipimo mchana mzima.

"Nilidhani atafurahi," anasema mkunga. "Alifurahi, ndiyo. Halafu akaniuliza, hao watoto ishirini na watatu, kuna mmoja anayeweza kwenda kumwambia mdogo wangu?"

Baada ya mgeni kuondoka, Mama Vipimo alichukua daftari jipya, lile la kuandikia vipimo, akachana karatasi mbili za katikati. Anasema hajawahi kuchana karatasi ya daftari lile kabla ya siku hiyo. Akaandika barua kwa kamati inayopitia upya kanuni za maji.

Barua ilikuwa ya aya nne. Aliandika kwamba haombi kipimo kishushwe, kwa sababu mto hauna maji ya kutosha kwa kila anayeyataka, naye ana ushahidi. Anaomba mambo mawili. Wakulima wa chini ya ekari moja wapewe siku kumi na nne za ziada baada ya mashamba makubwa kuzima, kwa kuwa pampu zao zote zikijumlishwa hazifiki bomba moja la ng'ambo. Na serikali iliyolitaka shamba kubwa kuchimba bwawa, iwasaidie wadogo kuchimba lao.

Aliandika pia jina la kazi yake, na kwamba kanuni hii imempotezea ndugu.

Mtaalamu wa maji anasema barua hiyo imesomwa kwa sauti mara mbili mbele ya kamati. "Tulipotunga ile kanuni tulijiona tumetenda haki, kwa sababu hatukumpendelea mtu," anakiri. "Tulisahau kwamba wote hawakuanzia mahali pamoja. Hilo halikuwa kwenye vitabu vyetu. Ilibidi atuambie yeye." Anaongeza kwamba siku kumi na nne huenda zikawa nyingi mno, na kwamba yeye mwenyewe hajui kama pendekezo litapita. Kamati itakaa mwezi ujao, na Mama Vipimo amealikwa kuzungumza.

Hakusubiri kamati. Nyuma ya nyumba yake kuna kipande cha ardhi kinachoinama kuelekea mtoni, alichokuwa analimia maharage. Maji ya mvua ya kilima kizima hupita hapo. Aliwaita wakulima wadogo kumi na wawili wa jirani, akawaonyesha, akawaambia chukueni jembe, hapa ndipo bwawa letu. Atakula nini? "Nitakula kuku," anajibu. "Na nikiisha kuwala, nitakula maneno ya wifi yangu, hayaishi."

Walianza wiki iliyopita. Siku ya kwanza walikuja tisa, ya pili kumi na mmoja. Siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda, alitokea wa kumi na mbili, sururu begani. Hakumsalimu mtu. Alichagua kona ngumu kuliko zote, ile yenye mawe, akaanza kuchimba.

Mama Vipimo alikuwa anagawa maji ya kunywa. Alipofika kwenye kona ile alisimama, kikombe mkononi, asijue akisogeze au apite. Mdogo wake alinyoosha mkono bila kuinua uso, akapokea, akanywa hadi mwisho, akarudisha.

Walikuwa hawajazungumza kwa miezi mitano.

"Hicho kikao," akasema mdogo wake, akiangalia sururu yake, "ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Ukumbi ule ule wa shule."

Akapiga sururu mara mbili, jiwe likalegea. Akalivuta kwa mikono, akalitupa kando.

"Nitakuja," akasema. "Lakini Dada, mimi nitasema yangu. Nitawaambia vitunguu vilivyokufa, na aliyepiga simu nitamtaja."

"Mtaje," akajibu Mama Vipimo. "Ndiyo maana nataka uje."

Kisha akajaza kikombe, akaendelea na safu.